Angalia Mgongo wa Monita Kabla ya Kutoa Pesa

Katika maduka ya kompyuta mjini Kitale, na vilevile Bungoma, monita za mitumba hupangwa zikiwa zimemwelekezea mteja uso. Zimefutwa vumbi, moja mbili zimewashwa zionyeshe picha ya mlima, na bei imeandikwa kwa kalamu nzito kwenye kipande cha katoni. Mteja husoma bei, hupima ukubwa kwa macho, huomba apunguziwe kidogo, hulipa. Kitu kitakachoamua kama pesa zake zimekwenda vizuri hakukiona. Kiko nyuma, karibu na pale stima inapoingilia.

Makala haya ni ya mtu ambaye tayari ana kompyuta, au tuseme ana kipande cha kompyuta. Ana laptopu iliyokanyagwa na mtoto ikapasuka kioo. Au amepewa CPU iliyotolewa ofisini, bila monita. Au ana saiba ndogo huko Kipsongo, wateja wanakuja kujaza fomu za KUCCPS, kuchapisha hati za eCitizen na kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, na skrini moja imezimika. Au ni mwanafunzi wa Kitale National Polytechnic au wa Chuo Kikuu cha Kibabii aliyechoka kusoma maandishi madogo kwenye inchi 14. Wote hawa wanaweza kununua monita kuukuu, kununua mpya, kutengeneza kilichoharibika, au kutumia televisheni iliyoko nyumbani.

Ili tuweze kulinganisha, nitatumia bei hizi. Monita ya mraba ya inchi 17, mtumba, shilingi 3,000. Ya mraba ya inchi 19, shilingi 4,000. Pana ya inchi 24 iliyotoka ofisi kubwa, shilingi 10,000. Mpya ya inchi 22, shilingi 13,000. Kioo cha laptopu cha inchi 14 kisicho cha kugusa, pamoja na ufundi, shilingi 6,500. Hizi ni bei za kupigia hesabu tu, wala si tangazo la duka lolote. Zako zikiwa tofauti, ziweke mahali pa hizi. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Tuanze na laptopu iliyopasuka, maana ndiyo inayowapeleka wengi kwa fundi. Kioo kipya ni 6,500. Monita ya inchi 17 pamoja na waya wa 300 ni 3,300. Ukitazama hapo tu, umeokoa 3,200 na umepata kioo kikubwa zaidi. Lakini laptopu ilinunuliwa kwa sababu ina betri, na Kitale stima hukatika. Ikikatika, laptopu yako itaendelea kuwaka na monita itazimika, nawe utabaki umekaa mbele ya mashine inayofanya kazi usiyoweza kuiona. Kwa mwanafunzi anayebeba laptopu kwenda darasani, hakuna mjadala: atengeneze kioo. Kwa mwenye duka la kuchapisha karatasi ambaye mashine yake haiondoki mezani, kioo cha 6,500 ni anasa.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wengi hawatakutajia kwa sababu kinawanyima kazi. Uliza laptopu yako nzima, isiyo na kasoro, ingeuzwa pesa ngapi leo. Kama ni 12,000, kuitia kioo cha 6,500 ni kuzika zaidi ya nusu ya thamani yake katika kipuri kimoja, na kesho kibodi ikifa umerudi mwanzo. Monita, kwa upande wake, haifi na laptopu. Ukinunua laptopu nyingine mwakani, monita ile ile itakuwa skrini ya pili, ambapo upande mmoja unafungua barua na upande mwingine unaandika jibu. Ndiyo maana mimi naipendelea kwa mtu anayefanyia kazi mezani, hata pale ambapo tofauti ya bei ni ndogo.

(Ukiwa na kioo kilichokufa kabisa, hutaona pa kubonyeza ili picha ihamie nje. Shika kitufe cha Windows, bonyeza P, kisha teremka kwa mshale na ubonyeze Enter, ukijaribu tena na tena hadi monita iwake. Jambo hilo haligharimu kitu, na kuna watu wamelipia kufanyiwa.)

Sasa geuza monita utazame mgongo wake. Utakuta tundu moja au zaidi kati ya manne. VGA, la buluu, lenye skrubu mbili pembeni, lilikuja na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987 na bado linapatikana karibu kila monita ya mtumba. DVI, kubwa, kwa kawaida jeupe, ni la mwaka 1999. HDMI unalijua kutoka kwenye televisheni. DisplayPort linafanana na HDMI kwa mbali, ila kona moja tu ndiyo iliyokatwa. Upande wa kompyuta mambo yalibadilika baada ya Desemba 2010, Intel na AMD walipotangaza pamoja na watengenezaji kadhaa kwamba wangeiacha VGA kufikia mwaka 2015. Tangazo hilo unaliona leo kwenye laptopu za mtumba zinazouzwa kama ex-UK. HP EliteBook 840 G3 na G4 bado zina VGA, pamoja na DisplayPort kubwa. G5 imeiacha VGA na kuweka HDMI. Kwa Lenovo, ThinkPad T450 ina VGA na DisplayPort ndogo. T460 ina HDMI na DisplayPort ndogo. T470 ina HDMI. Kwa hiyo ndugu wawili wakinunua laptopu zinazofanana kwa sura, mmoja atachomeka monita ya 3,000 na kuendelea na kazi, na mwenzake atarudi dukani kutafuta adapta.

Adapta ndiyo inayovuruga hesabu, hasa kwa sababu watu hudhani inafanya kazi pande zote mbili. Haifanyi. Ile ya kutoka HDMI ya laptopu kwenda VGA ya monita ina chombo kidogo ndani kinachogeuza picha, na hupata nguvu yake kutoka kwenye tundu la HDMI lenyewe. Tuseme ni 600. Lakini kama kompyuta yako ndiyo yenye VGA na monita ndiyo yenye HDMI, adapta hiyo haitakufaa hata uigeuze vipi. Unahitaji kifaa kingine, ambacho mara nyingi kinataka waya wa USB wa kukipa umeme, na bei yake iko juu zaidi. Vivyo hivyo, DisplayPort ya laptopu kwa kawaida inaweza kupelekwa HDMI au DVI kwa waya wa bei nafuu, lakini HDMI ya laptopu haiendi DisplayPort ya monita kwa waya huo huo. DVI na HDMI peke yake ndizo zinazopatana bila kubishana: picha ni ya aina moja, ni umbo la ncha tu lililobadilika, na waya wa kawaida unatosha.

Hapo ndipo bei inapogeuka. Monita ya inchi 17 yenye VGA pekee ni 3,000. Pamoja na adapta ya 600 na waya wa 300 imefika 3,900. Ya inchi 19 yenye DVI ni 4,000. Pamoja na waya wa DVI kwenda HDMI wa 500 ni 4,500. Tofauti iliyoonekana dukani kuwa shilingi 1,000 imebaki 600, na hiyo ya pili haina kigeuzi cha kuharibika, haina haja ya kubonyeza kitufe cha Auto kila asubuhi ili picha ikae katikati, na maandishi yake hayana ule ukungu mwembamba wa VGA. Ningelipa hizo 600 bila kufikiri mara mbili. Na ukiona DVI, chungulia umbo lake. Kama kuna vishimo vinne vinavyozunguka ule mstari bapa, inapokea pia VGA kwa kichwa cha bei ndogo; kama mstari uko peke yake, hicho kichwa hakitaingia, na muuzaji anayesema "isukume tu, kaka, itaingia" anataka kukuvunjia pini.

Televisheni je? Nyumba nyingi tayari zina ya dijitali ya inchi 32, na waya wa HDMI wa 400 unaonekana kuwa jibu rahisi kuliko yote. Kwa filamu ni sawa kabisa. Kwa kazi ya kusoma na kuandika, hesabu inashangaza. Televisheni nyingi za inchi 32 za bei ya chini zina nukta 1,366 kwa 768, yaani nukta 1,049,088 kwa jumla. Ile monita ya mraba ya inchi 17 inayodharauliwa ina 1,280 kwa 1,024, ambazo ni 1,310,720. Skrini ndogo inaonyesha mambo mengi zaidi kuliko kubwa. Isitoshe, nukta za televisheni zimetandazwa juu ya eneo pana: inchi moja inabeba nukta 49 hivi, wakati monita ya inchi 17 inabeba 96. Ukikaa umbali wa mkono mmoja na kujaribu kusoma jedwali la Excel kwenye televisheni, macho yatakuambia yenyewe. Pia televisheni nyingi hukata kingo za picha, na mstari wa chini wa Windows unapotea mpaka uingie kwenye menyu na kuzima ukuzaji huo. Itumie kama unayo na huna pesa. Usiinunue kwa ajili ya kompyuta.

Umbo la mraba nalo lina faida ambayo sokoni haithaminiwi. Ukurasa wa A4 umesimama, na fomu za serikali mtandaoni ni ndefu kwenda chini. Nukta 1,024 za wima zinaonyesha sehemu kubwa ya fomu kuliko 768 za laptopu nyingi kuukuu. Kwa mwenye saiba ambaye siku nzima anateremsha kurasa, monita za mraba ni mali, na bei yake iko chini kwa sababu tu vijana wanataka skrini pana za kutazamia mpira.

Sasa tufike kwenye zile kubwa za zamani, zilizotengenezewa kompyuta za kazi nzito: za wahandisi, wachora ramani, wahariri wa filamu. Kampuni kama Sun Microsystems na Silicon Graphics ziliuza mashine hizo miaka ya 1980 na 1990, na monita zake nyingi zilitengenezwa na Sony, zikiwa na tyubu ya Trinitron na namba zinazoanzia na GDM. Mjini Kitale ni nadra kukutana nayo. Ukikutana nayo itakuwa imetoka kwenye mnada wa taasisi au stoo ya shule iliyopewa msaada, na aliye nayo atakupa kwa bei ya chakula cha mchana, au bure ikimwondokea. Nguvu ya picha yake ilikuwa ya ajabu kwa enzi zake. Je, itafanya kazi na kompyuta yako?

Kwanza utakutana na tundu ambalo hujawahi kuliona, linaloitwa 13W3: pini kumi ndogo na mirija mitatu minene, mmoja wa kila rangi, nyekundu, kijani na buluu. Adapta za kutoka 13W3 kwenda VGA zipo duniani, lakini hazifanani. Sun, Silicon Graphics na IBM walitumia tundu la umbo moja na kupanga pini ndogo kila mmoja kwa namna yake, kwa hiyo adapta ya Sun inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye monita ya Silicon Graphics na usione kitu. Pia kuna suala la ishara ya kuanzisha mstari. Kompyuta za kawaida huituma kwa nyaya mbili za pekee. Baadhi ya monita hizi ziliitaka kwenye waya mmoja, na nyingine ziliitaka ipande ndani ya rangi ya kijani.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kasi. Kompyuta ya kawaida ikiwashwa huanza kuchora picha kwa kiwango cha VGA, mistari kama 31,500 kwa sekunde. Monita nyingi za Sun za kizazi cha kwanza zilijua kasi moja tu. Ile ya nukta 1,152 kwa 900, mara 66 kwa sekunde, ilitaka mistari karibu 61,800. Chini ya hapo inabaki giza, au inatoa mistari iliyopinda. Maana yake ni kwamba hutaona chochote wakati wa kuwasha, hutaweza kuingia kwenye BIOS, na Windows ikikataa kuamka hutaona kosa gani limeandikwa. Wapenzi wa mashine za zamani huko Ulaya na Marekani huishi na hilo: hutumia monita ya kawaida kuwashia, huweka mipangilio ya kasi kwa mkono, kisha huhamisha waya. Ni mchezo mzuri kwa mtu mwenye muda. Monita za mwisho wa miaka ya 1990, kama ile pana ya inchi 24 GDM-90W10 ya Sun, hukubali kasi nyingi na zina adabu zaidi. Lakini hata hiyo ni mzigo wa watu wawili.

Na baada ya shida yote hiyo unapata nini? Nukta 1,152 kwa 900 ni 1,036,800, pungufu hata ya televisheni niliyokwisha kuikataa.

Kisha inakuja stima. Monita ya tyubu ya inchi 20 au 21 hula kama wati 120. Monita ya mraba ya inchi 17 yenye taa za mirija hula kama 35. Mpya ya LED ya inchi 22 hula kama 20. Tuseme unaiwasha saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na uniti moja ya tokeni, ukijumlisha kodi na ada zote, ni shilingi 28. Bei halisi hupanda na kushuka kila mwezi kwa sababu ya ada ya mafuta na ya fedha za kigeni. Tyubu itakula uniti 31.2, yaani shilingi 874 kwa mwezi. Ya mraba, uniti 9.1, shilingi 255. Mpya, uniti 5.2, shilingi 146.

Namba hizo zinasema mambo mawili, na watu hulijua moja tu. La kwanza ni kwamba monita ya tyubu uliyopewa bure si ya bure. Inakugharimu shilingi 619 zaidi kila mwezi kuliko ile ya mraba, na kabla ya miezi mitano kuisha umelipa bei ya monita ya 3,000 ambayo huna. Tena, tangu viwango vya mwaka 2023, kundi la nyumba zinazotozwa bei ya chini kabisa ni la wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Tyubu hiyo peke yake, kabla hujawasha balbu, imekutoa humo. Katika ploti ambayo mita moja inahudumia wapangaji kadhaa, majirani watajua ni nani.

La pili ni kinyume cha wanachosema wauza monita mpya. Watakuambia LED itajilipa kwa stima. Tofauti kati ya mpya na ile ya mraba ni shilingi 109 kwa mwezi. Tofauti ya bei dukani ni 10,000. Ungoje zaidi ya miaka saba. Nunua mpya kwa sababu unataka waranti, au kwa sababu unatumia sola na kila wati lina thamani ya betri, au kwa sababu macho yako yanahitaji nafasi. Hesabu ya tokeni haitoshi kuwa sababu. Anayetumia sola aangalie pia kama monita ina kigeuza umeme cha nje, kile kiboksi cha kwenye waya, na volti zilizoandikwa juu yake; zile za 12 zinaweza kupata umeme kutoka kwenye mfumo wa sola bila kupitia inveta, fundi akiweka kidhibiti volti katikati. Na asiguse tyubu: inapowashwa hujisafisha sumaku kwa mvuto mkubwa wa umeme wa ghafla, na inveta ndogo au UPS ndogo inaweza kukata hapo hapo.

Kama kuna monita ya kazi nzito inayostahili pesa za mtu wa Kitale, ni kizazi kilichofuata: bapa, inchi 24, nukta 1,920 kwa 1,200. Hizi ndizo zilizokaa kwenye meza za wasanifu na wahasibu wa Ulaya kuanzia mwaka 2008 hivi, na sasa zinakuja kwenye makontena. HP LP2475w na ZR24w, Dell U2410 na U2412M. Zina nukta 2,304,000, wakati monita mpya ya kawaida ya nukta 1,920 kwa 1,080 ina 2,073,600. Paneli zake ni za aina ya IPS, rangi hazibadiliki ukiinama pembeni, na miguu yake hupanda, hushuka na kugeuka wima, jambo ambalo monita mpya ya 13,000 mara nyingi haifanyi. Kwa mtu wa studio ya picha au mchora mabango, hakuna cha 10,000 kinachoikaribia.

Ila zitofautishe. U2410 ina HDMI, DisplayPort, DVI na VGA, lakini hula kama wati 75. U2412M ina taa za LED na hula karibu nusu yake, lakini haina HDMI. Mwenye laptopu ya HDMI atatumia waya wa kwenda DVI, na itafanya kazi vizuri kwa ukubwa wake wote. Kwa saa 10 kwa siku, hiyo ya kwanza inazidi ya pili kwa karibu shilingi 270 kila mwezi. Zikikaa pamoja dukani kwa bei moja, chukua U2412M.

Mtego mkubwa uko ngazi moja juu. Monita za inchi 30 zenye nukta 2,560 kwa 1,600, kama Apple Cinema HD ya mwaka 2004, Dell 3007WFP na HP LP3065, zinavutia sana zikiwa zimezimwa. Nyuma zina DVI tu, tena DVI ya njia mbili, ambayo laptopu nyingi hazina. Ukitumia waya wa kawaida kutoka HDMI, Dell na HP hizo hushuka hadi nukta 1,280 kwa 800, yaani herufi kubwa kama za mtihani wa macho. Adapta inayofaa hutoka DisplayPort, inahitaji umeme wa USB, na inaweza kukaribia bei ya monita yenyewe. Vivyo hivyo kwa Apple Thunderbolt Display ya mwaka 2011: ncha yake inaingia kwenye DisplayPort ndogo ya ThinkPad kana kwamba zilizaliwa pamoja, na haitaonyesha kitu.

Kwa hiyo nenda dukani na kompyuta yako mwenyewe na waya wako. Usikubali monita ijaribiwe kwa kompyuta ya duka, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Fungua ukurasa mweupe mtupu uutazame: kama weupe una wekundu au umefifia upande mmoja, taa za ndani zimechoka. Fungua picha nyeusi utafute nukta zinazowaka. Tafuta kivuli cha picha ya zamani, hasa kwenye monita zilizotumika kwa kamera za ulinzi, maana mistari ya visanduku vinne haifutiki. Iache iwake angalau robo saa. Ikizima baada ya sekunde mbili na taa ya kitufe ikabaki, ni taa za mirija au bodi inayoziwasha, na punguzo la 500 halitoshi. Ikisita tu kuwaka, mara nyingi ni kapasita zilizovimba, na fundi anayejua kuchomelea atazibadilisha kwa pesa kidogo. Baadhi ya monita za HP huonyesha kwenye menyu saa ambazo taa zimewaka. Isome, ni kama kilomita za gari. Soma pia kibandiko cha nyuma: kiandikwe volti 100 hadi 240. Plagi ya Uingereza ya pini tatu itaingia ukutani bila tatizo. Iliyotoka Marekani au Ulaya bara ibadilishiwe waya mzima, usiisukumie kalamu kwenye soketi.

Omba risiti yenye namba ya monita na muda wa kurudisha, hata kama ni wiki mbili. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakutetea, lakini bila karatasi utakuwa na maneno tu. Kama unaisafirisha kutoka Kitale kwenda Kimilili au Bungoma, usiiruhusu iwekwe kwenye buti la matatu chini ya gunia la mahindi. Ibebe mapajani, uso ukiwa umeegemezwa katoni ngumu.

Na ile ya tyubu iliyokataa kuuzika, isipasuliwe. Koili ya shaba iliyo shingoni mwake huwavuta wanaokusanya vyuma, lakini kioo chake kina risasi, zaidi ya kilo moja katika tyubu kubwa, na ndani yake umeme wa volti maelfu unaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za umeme, iliyoanzishwa na watu wa Computers for Schools Kenya, shirika ambalo tangu mwaka 2002 limekuwa likikarabati kompyuta za msaada kwa ajili ya shule. Shule au saiba yenye monita kadhaa zilizokufa izikusanye pamoja kabla ya kuwasiliana nao. Moja moja haitalipa nauli.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye 5,000 achukue ya mraba ya inchi 19 yenye DVI na waya wake. Mwenye 10,000 hadi 11,000 na kazi ya picha atafute ya inchi 24 ya nukta 1,200 za wima, yenye taa za LED. Mwenye laptopu ya kubeba atengeneze kioo. Mwenye sola anunue mpya. Ya tyubu usiichukue hata ukilipwa nauli ya kuibebea, na kwa yoyote nyingine, pesa zisitoke mfukoni kabla laptopu yako haijaonyesha picha juu yake.